Bunduki za Orrin

Dada yangu mpendwa Lorene,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Peg. Natumaini wewe na shemeji Walt mnaendelea vizuri, na goti lako limepata nafuu. Hapa Wyoming theluji ya kwanza imeanguka, ng'ombe wachache tuliobakiza baada ya ukame wamenenepa, na kwa neema ya Mungu chakula kipo mezani.

Najua utataka habari za mdogo wetu Orrin, maana kwenye simu hasemi kitu. Tangu tumzike mkewe Darlene alikuwa amekauka tu. Halafu mwezi wa tisa akamgawia jirani mbwa wake wa kuwindia. Orrin huyu huyu, aliyekuwa akimlisha mbwa yule kabla hajala mwenyewe! Nilipomuuliza, akasema amechoka kulisha mdomo usioshukuru. Nikacheka naye, lakini sikulala vizuri.

Wiki hiyo wilaya iliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Kulikuwa na pendekezo kwamba jaji aweze kumwamuru sherifu, yule mkuu wa polisi wa wilaya, achukue bunduki za mtu aliyevunjika moyo, asije akajiua nazo. Unanijua. Nilisimama nikasema serikali ibaki barabarani, isivuke lango langu, maana ikishavuka kwa nia njema haikumbuki kutoka. Nilipigiwa makofi. Na bado naamini hivyo.

Basi Bi Nadine Whitlock, yule mjane anayepiga kinanda kanisani, akauliza hapo alipokaa, bila hata kuacha kufuma: sawa Verlin, sherifu asivuke lango, basi nani avuke? Mimi niliangalia kofia yangu.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa Orrin. Nilimkuta anakaanga mayai. Nikamwambia nimekuja kumwomba bunduki zake nimtunzie kwa muda. Akanitazama juu mpaka chini, akasema ama kweli, juzi nilikuwa wakili wa uhuru mbele ya watu, leo nimeleta pikapu kumnyang'anya mtu mali yake. Akauliza kama sherifu kanipa na beji. Nikamjibu kwamba mimi si serikali, ni kaka yake. Akikataa naondoka bila kugusa kitu, ila kesho narudi, na kesho kutwa narudi, na mayai yake nitayala yote.

Aliyaacha mayai mpaka yakaungua. Kisha akauliza nimejuaje anachokiwaza.

Dada, hapa ndipo ninapopaswa kukuambia nilichomwambia yeye. Nilijua kwa sababu nami nimekuwa hapo. Wakati wa masika, tulipouza kundi la ng'ombe, nilikuwa nikikaa ghalani na bastola ya baba mapajani, namwomba Mungu anipe sababu ya kuirudisha sandukuni. Siku moja Peg akaniita nikale, nikaenda. Sikumwambia mtu, na hali ile haikuisha siku ile. Hata mwezi huu imeshanirudia. Orrin akazima jiko. Akasema basi kama zake zinaondoka, na zangu zinaondoka, au asiniite kaka tena.

Jioni ile nilimweleza Peg kila kitu, akanishika mkono kwa muda mrefu. Bunduki zote, za Orrin na zangu, tukazipeleka kwa Bi Nadine, akazifungia kwenye kabati la chuma la marehemu mumewe. Masharti yake ni mawili: ni mali yetu na atazitoa tukizitaka, ila twende wote wawili, na kwanza tunywe naye kahawa. Orrin alisema hii ndiyo serikali ndogo kuliko zote, na bado ina kodi.

Msimu wa kulungu ulipofunguliwa, Orrin alitaka bunduki yake. Tukaenda. Tulikunywa kahawa, ambayo kusema kweli ni chungu, na Bi Nadine akaweka ufunguo mezani. Orrin aliutazama sana. Kisha akasema bunduki ni zake, haki ni yake, na kwa haki hiyo hiyo anaziacha hapo mpaka ndama wazaliwe. Akausukuma ufunguo ukarudi kwa Bi Nadine. Mimi nikasema na zangu vilevile.

Tunawangoja Sikukuu ya Shukrani. Peg anakusalimu, anataka ulete pai ya maboga. Ukimpigia Orrin simu, usimpe sauti ya pole. Mtanie kama zamani, maana utani huo ndio anaoukosa. Na mimi pia, tafadhali.

Bwana awalinde nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Verlin