Mama wa Vifaranga na Staji Yangu

Jumanne, saa kumi na mbili kasoro jioni. Tangu asubuhi wingu limelala juu ya volkano, na mvua inajivuta tu, hainyeshi wala haiondoki.

Nimechoka. Nimevua viatu vya dada yangu vilivyonibana kutwa nzima, nimekaa kitandani na simu, na sina hamu hata ya chai.

Nimepata staji. Yaani nimeambiwa nimepata, na kesho kabla ya saa mbili asubuhi natakiwa kutuma ujumbe kusema naja au siji. Mwingine angekuwa anacheza muziki saa hizi. Mimi niko hapa naandika mambo ambayo pengine sikutakiwa kuyaandika mahali watu wanaposoma.

Kwa asiyenijua: nasomea mambo ya forodha na usafirishaji wa mizigo, mwaka wa mwisho. Bila miezi mitatu ya staji, yaani mafunzo ya kazini, hakuna diploma, na chuo kimesema ambaye hatakuwa na mahali kufikia Ijumaa atasubiri mwaka ujao. Nilipeleka barua sehemu nne. Mbili hazikujibu, moja wakasema wamejaa. Iliyobaki ndiyo hii, ofisi ya mawakala wa forodha karibu na mpaka, wale wanaowaandalia wafanyabiashara karatasi za kuvusha mizigo kwenda Goma.

Jumamosi na Jumapili nilikariri majina ya fomu. Leo kwenye usaili hakuna aliyeniuliza hata fomu moja.

Bosi wa ofisi hiyo aliniuliza kama nina mchumba. Akauliza kama huyo mchumba, akiwepo, ana wivu. Akauliza mbona nimevaa kama naenda kanisani. Kila nikianza kujibu simu yake inaita, anapokea, anacheka na mtu wa upande wa pili, na mimi nashikilia bahasha yangu ya vyeti magotini nikitabasamu. Mashavu yaliniuma. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba hii nayo imekwenda na maji, bora niage kwa heshima nirudi nyumbani.

Ndipo karani akachungulia mlangoni akasema yule mama wa vifaranga amerudi tena.

Huyo mama ni wa Goma. Alinunua vifaranga vya siku moja huku kwetu, upande huu wa mpaka, katoni sita, na karatasi zake alizileta jana ili ofisi imwombee kibali cha kuvusha. Hawakuomba. Jana walikuwa na mteja mkubwa mwenye malori ya unga, wakamsahau. Najua kwa sababu Bosi alilisema mbele yangu bila haya, na faili lenyewe lilikuwa mezani, chini ya kikombe chake cha kahawa.

Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Bon, mademoiselle. Tuone kama unajua kazi. Nenda umuambie rezo hakuna."

Rezo ni mtandao, na vibali vyote huombwa humo. Hapa mpakani kila jambo linaweza kufia hapo. Karani akikuambia rezo hakuna, unamlaumu nani? Unakaa chini unasubiri. Nimeisikia sababu hiyo tangu niko mdogo na haikuwahi kunijia akilini kwamba kuna mtu anakaa ndani anaamua isemwe lini.

Ningependa kuandika kwamba nilisita. Sikusita.

Nilimkuta kwenye benchi la korido, mama wa makamo, kitenge cha kijani, katoni zimepangwa miguuni pake, vifaranga vinalia ndani. Wazazi wangu walirudi kutoka Karagwe, Tanzania, nikiwa mdogo, na nyumbani kwetu mtu mzima anapewa shikamoo na goti linakunjwa. Basi nikakunja goti. Nikasema, "Shikamoo, mama." Watu wa Goma hawana salamu hiyo, hakujua hata aitikie nini, lakini uso wake ulifunguka. Nikamwambia pole kwa kungoja, rezo hakuna tangu asubuhi, hata sisi tunahangaika, ila itarudi tu.

Sisi. Nilikuwa nimekaa ofisini humo nusu saa.

Na hayo ya tangu asubuhi sikutumwa. Hayo ya kuhangaika sikutumwa. Nilitumwa maneno mawili, mengine nikayaongeza mwenyewe, yalikuja tu mdomoni moja baada ya jingine.

"Asante mingi, binti yangu," akasema. "We ndio wa kwanza kuniongelesha kama mutu. Kama rezo hakuna, tutafanya aje? Mi nangoja."

Akavua shali lake akafunika katoni, maana korido ina upepo.

Niliporudi ndani Bosi alikuwa anacheka. Alikuwa amesikiliza mlangoni. Akasema nina mudomo ya kuaminisha watu, akasema Kiswahili ile ya Tanzania pamoja na goti, hata yeye angengoja mpaka Noeli. Akaniambia nafasi ni yangu, nitakaa pale mbele na wateja, na kazi yangu itakuwa hiyo hiyo.

Nilifurahi. Naiandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Baada ya barua nne na maswali yale ya mchumba, mtu kaniambia kuna kitu ninakiweza, na kwa dakika kama mbili nilifurahi kwelikweli.

Kisha nikatoka, na njia ya kutokea ni ile ile ya korido. Mama wa vifaranga akaniuliza kama rezo imerudi. Nikamwambia, "Bado, mama."

Hiyo ya pili hakuna aliyenituma kabisa. Bosi alikuwa ndani, karani amekwenda kula, tulikuwa wawili tu. Ningeweza kumwambia chukua karatasi zako uende kwa wakala mwingine, muda bado unao. Siku hizi mpaka unafungwa mapema na vifaranga vya siku moja havingoji mtu. Nilijua hayo yote. Nilisema bado, nikashuka ngazi.

Nilipofika nyumbani Mama yangu alikuwa uani anachambua maharage. Alinisoma uso akadhani nimekosa, akaanza kunipa pole. Nikamwambia nimepata. Akapiga vigelegele vidogo, vya chini chini, ili majirani wasisikie kabla hajawaambia mwenyewe. Basi nikamweleza jinsi nilivyopata. Sijui kwa nini. Labda nilitaka aniambie si kitu.

Mama ni mfanyabiashara mdogo, huvusha karoti na kabichi pale mpakani Petite Barrière, na kwa mzigo wa kichwani hahitaji wakala. Ila mwaka fulani yeye na wenzake watatu walichanga wakapakia pikapu nzima ya karoti, na kwa pikapu wakala ilibidi. Walikaa na pikapu ile siku mbili kwenye mvua. Karoti zikaishia kwa wafuga mbuzi. Hadithi hiyo naijua kwa moyo, na kila anapoisimulia humalizia kwamba ni bahati mbaya tu, rezo ilikufa.

Aliacha kuchambua.

"Kwa hiyo siku ile ya karoti rezo ilikuwapo?"

Nikasema sijui, mama. Na kweli sijui.

"Yule msichana wa ofisini alikuwa na adabu sana," akasema. "Nilimpa mafungu mawili akapike."

Nilitamani anigombeze. Mama yangu akigomba yanaisha, mnakula pamoja. Badala yake akachukua ungo wake, akasimama kwa taabu kwa sababu ya magoti, akasema, "Nenda tu, mwanangu. Miezi mitatu si mingi. Diploma ukishaipata utafanya unavyotaka." Aliyasema akiwa anatazama maharage.

Ndiyo maana nimejifungia huku.

Nimejipa kila sababu ya kwenda. Nisipokwenda mimi, kiti kile atakikalia mwingine, na huenda hata pole hatasema. Nikienda, labda nitaweza kuyasukuma mafaili ya watu wadogo Bosi akiwa kwenye simu. Labda. Lakini najifahamu. Leo sikusukuma faili, na faili lilikuwa mbali nami kwa urefu wa mkono. Siku ya kwanza nimeongeza maneno bila kuombwa, na miezi mitatu ni siku nyingi. Ninachoogopa ni kwamba kazi ile nitaiweza vizuri mno, na ikifika mwezi wa pili goti litakuwa linakunjika lenyewe.

Na mwaka mzima wa kungoja nao ninauogopa. Nina miaka ishirini na minne. Wenzangu watavaa joho, mimi nitakuwa nawapiga picha.

Nimeacha kuandika hapa kidogo, nimemwandikia Bosi: "Samahani Bosi, mama yangu ameugua ghafla, sitaweza kuja kuanza kazi. Nashukuru kwa nafasi." Nikausoma. Ni ujumbe mzuri, una adabu, angeuamini mara moja. Ulinichukua sekunde chache tu kuutunga, na nilikuwa karibu kubonyeza nilipoona ninachokifanya.

Nimeufuta.

Nimeandika mwingine, huu umenichukua muda mrefu na hauna uzuri wowote: "Siji. Rezo ilikuwapo. Mama wa vifaranga nilimdanganya na sitaki kazi ya kudanganya." Nimeutuma kabla sijaupamba. Alama mbili za bluu zimetokea, ameusoma, hajajibu.

Sijisikii mwepesi kama wanavyosemaga watu. Vifaranga vyake sijui viko wapi jioni hii, na ujumbe wangu hauvivushi. Ijumaa itafika na huenda nisiwe na barua ya kupeleka chuoni. Nimebaki na kesho na keshokutwa za kuzunguka tena na bahasha, nikipata nipate, nikikosa nikae mwaka.

Mama bado hajajua. Yuko sebuleni, amewasha pasi ya makaa, ananinyooshea sketi ya kwendea kazini kesho. Naisikia pasi ikigonga meza. Itabidi niinuke nikamwambie aache.