Jibu Nililompa Mzee Komba

Jumanne

Bado sijui kama nilifanya vizuri kumjibu vile.

Leo nilifunga duka Kariakoo mapema, nikaenda Ilala kumsomea Biblia Mzee Komba. Mkewe, Mama Tumaini, ndiye aliyeniomba. Mzee anaumwa ini, na madaktari wamemrudisha nyumbani. Mimi ni msomaji wa masomo kanisani, kwa hiyo nilionekana nafaa.

Nilisoma habari ya yule maiti aliyeitwa akatoka kaburini. Katikati, mzee akainua mkono ninyamaze.

"Binti, wewe unaamini haya?"

Swali hilo nimelikwepa mwaka mzima. Ningeweza kusema ndiyo, kama ninavyosema kila Jumapili bila sauti kutetemeka.

"Zamani niliamini, mzee. Siku hizi sijui."

Mama Tumaini alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Afadhali. Nilidhani ni mimi peke yangu. Wote wanaokuja hapa wana uhakika, halafu wanaondoka."

Akataka niendelee. Tulibishana kidogo kuhusu dada za yule aliyefufuliwa, kama walifurahi au waliogopa alipotoka. Uji aliumaliza.

Mama Tumaini alinisindikiza hadi barabarani. Nilisubiri anigombeze.

"Mimi naamini," akasema. "Lakini kesho uje tena wewe. Mchungaji hajui kubishana naye."

Nikakubali. Imani haijarudi. Ila njia nzima hadi nyumbani sikujiona mnafiki, na hilo halijanitokea siku nyingi.