Kati ya Panzi Wako na Gari la Mkubwa

Yaya,

Nilizoea kukusalimu kwa kukuchokoza, dada yangu. Ukiingia uani na vumbi la barabara ya Yanonge kichwani, samaki wamejaa nyuma ya gari, nilikuuliza kama umefika au umerushwa, nawe ukinitupia kamba ya furushi: "Nimefika, mutu ya maneno mingi. Shusha mizigo." Sijui wafu wanasalimiwaje. Nakusalimu hivyo hivyo. Uliondoka ghafla mno. Asubuhi unalalamika kichwa, jioni wanawake wanakuosha, na mimi, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya mtu, sikuwa na hata moja la kumwambia imamu.

Mambo yamebadilika tangu siku ile, na sina mtu wa kugombana naye juu yake. Ndiyo maana naandika.

Kwenye arobaini yako alikuja Mkubwa. Jina lake unalijua, na sitaliandika, kwa sababu karatasi ina miguu. Alileta sukari na mchele, akavua viatu, akakaa mkekani karibu yangu na suti yake ya Chama isiyo na tai, akasikiliza dua mpaka mwisho. Kisha akaniinamia sikioni, akaniita raia kwa Kifaransa kama Chama kinavyotaka: "Citoyen, dada yako alikuwa mwanamke wa maendeleo. Na wewe una kalamu nzuri. Kwa nini kalamu hiyo inatembea kwa miguu?" Kazi aliyonitakia ni kuandika hotuba za mkoa. Mimi, Yaya, niliyefukuzwa kufundisha kwa sababu ya kikaratasi changu juu ya magari ya wakubwa wa mtaa wa Makiso. Nilipofungua kinywa, akaweka kiganja gotini pangu. "Usijibu leo. Jaribu gari kwanza."

Kesho yake dereva wake akaliegesha uani, ubavuni mwa Panzi, gari lako jekundu. Akaniachia funguo na kuponi za petroli, akaenda zake kwa miguu.

Basi magari yakawa mawili, na wazee wa familia hawakuchelewa. Gari mbili za nini katika ua mmoja? Panzi auzwe. Unajua kwamba mimi, noko wa Furaha, kaka wa mama yake, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya vitu vyako. Nikikubali gari la Mkubwa, binti yako atanyang'anywa Panzi, na biashara ya samaki uliyomfundisha itakuwa mali ya mwingine. Furaha hakuniomba kitu. Aliniangalia tu, kwa macho yako yale ya kumhesabia mtu pumzi.

Nikamwambia tuyajaribu yote mawili, tuone.

Nianze na hili la Mkubwa. Ni jeusi, refu, la jamii ya magari yanayobeba mawaziri, lakini ni mtoto wa mwisho wa jamii hiyo. Nje linang'aa kama kiatu cha siku ya gwaride. Ndani vioo vinashushwa kwa kuzungusha mkono, viti ni vya kitambaa, na pale ambapo kaka zake wana redio, lenyewe lina kifuniko cha plastiki. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika. Hata kununuliwa, Yaya, nimepangiwa daraja la mlangoni. Wanajua mtu kama mimi anahitaji tu kuonekana kwa mbali.

Panzi unamjua, ila nilikuwa sijawahi kumwendesha kwa haki, kwa sababu hukuniachia usukani. Injini zao zinakaribiana nguvu. Tofauti ni kwamba Panzi hana mwili wa kubeba, ukikanyaga, anaruka. Lile jeusi linabeba kwanza chuma chake lenyewe, ndipo linakukumbuka wewe. Kwenye lami ya Makiso, kando ya mto, Panzi alipita kila kitu, hata busara yangu. Nilielewa kwa nini ulikuwa unaimba ukiendesha. Kwenye mteremko wa kivuko cha kwenda Lubunga alishuka bila kusita, lakini lile jeusi lilikwaruza pua, mabaharia wakacheka mpaka walipoiona namba ya Serikali.

Tuliporudi mtaani kwetu Mangobo, mambo yakageuka. Springi za Panzi ni ngumu, kila jiwe linakuandika mgongoni, na mara mbili nilisikia tumbo lake likilamba matofali tuliyoyamwaga wenyewe kwenye mashimo, Jumamosi za kazi ya lazima. Gari jeusi lilipita juu ya mashimo yale yale kama mkubwa anavyopita juu ya swali. Furaha akaegemeza kichwa: "Noko, hii haitembeye, inaogelea." Na kweli, mgongo wangu wa miaka yote ya madawati ya shule uliacha kuniuma. Siwezi kukudanganya. Ni kiti kizuri.

Ningekuwa na wewe, tungegombana hapo. Ungesema, "Yangu iko sawa pilipili: kidogo, lakini utaisikia." Ungenionyesha mlango wa nyuma unaofunguka juu, kiti kinachokunjwa, mapipa ya samaki yanavyoingia, na ungeuliza ni waziri gani aliyewahi kulaza mgonjwa kwenye gari lake. Nami ningerudia maneno yaliyokufanya uninunie siku kadhaa, kwamba gari dogo la mbio ni ndoto ya mtu ambaye bado hajapewa gari kubwa. Ulinijibu nini siku ile? "Miye sijaombaka mutu njia. Nakanyaga tu." Ulikuwa unajisifu, Yaya. Nyuma ya kiti chako palikuwa daima na samaki wa pembeni, wa askari wa kizuizini. Wewe uliwaita salamu. Mimi niliwaita kodi ya uoga. Tulicheka, tukaenda kula.

Sasa nikuambie lililotokea.

Siku ya tatu ya gari jeusi, mchana wa mvua, walikuja kuniita niende kwa jirani yetu Mama Lisungi. Mimba yake unaikumbuka. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri na mtoto hatoki, na mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni kwangu amelowa. "Mwalimu, saidia, anatuponyoka." Funguo zote zilikuwa mezani. Sikufikiri. Nilichukua za gari jeusi, kwa ajili ya mashimo, tukamlaza mama nyuma, tukaelekea hospitali.

Pale njia ya Mangobo inapokutana na ya Makiso kuna kile kizuizi, mti umelazwa juu ya mapipa mawili. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja alikuwa amemfunga mkewe kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mguu wa mama yule umevimba kama shina la mgomba, na askari anamuuliza kadi ya Chama. Nikapunguza mwendo, nikaanza kuandaa maneno, unajua nilivyo. Sikuhitaji hata moja. Askari aliona namba, akanyooka, akapiga saluti, mti ukainuliwa. Yule mzee alinitazama kupitia kioo. Nikapita.

Mtoto alizaliwa mzima. Mama naye mzima. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungewakosa. Panzi, Yaya, na mbio zake zote, angekuwa bado amesimama pale kwenye mti.

Nilipokuwa narudi, nilikuta mzee na mkewe bado wako pale pale mvuani. Nikasimama, nikashusha kioo, nikamwambia askari awaachie. Akasema kwa adabu kubwa, "Patron, wale hawako wako, endelea." Nami nikamjibu, "Hawa ni wangu." Hivyo tu, bila kupaza sauti. Mti ukainuliwa mara moja. Yule mzee akanishukuru kwa kuinama, akasukuma baiskeli yake.

Nimeandika dhidi ya watu hawa nusu ya umri wangu. Nimesoma kila kitabu nilichoweza kukipata juu ya namna mtawala anavyomfanya raia kuwa mali yake. Na siku nilipokaa kwenye kiti chake, neno lilitoka kinywani mwangu bila kufundishwa, kwa sauti yake, na lilikuwa tamu. Utamu ule ndio umenikosesha raha, kuliko kiti, kuliko kuponi, kuliko hotuba. Nilifika nyumbani nikakaa ndani ya gari huku mvua inapiga bati lake, sikuweza kushuka.

Habari zilikimbia kuliko mimi. Kesho yake ua ulijaa. Hawakuja kunipongeza, walikuja kunisihi. Tonton Bosco, fundi cherehani, ndiye aliyeongea kwa niaba yao: "Mwalimu, kubali. Wewe utanyamaza, ni kweli. Lakini siye tutapita." Akaongeza, na watu wakacheka, "Na kusema ukweli, maandiko yako yenyewe siye hatujasomaka yote."

Nimebishana na maaskofu, na maprofesa, na makomisari. Fundi cherehani ndiye aliyenishinda. Kwa sababu hakukosea. Mtoto wa Mama Lisungi ni hoja, ana mikono na miguu, analia. Ungekuwepo ungesemaje? Usiku wote nilijaribu kukusikia, nikasikia vicheko vyako tu.

Hiki ndicho nilichokipata mwishoni, na unigombeze kama nimekosea. Wewe ulisifu mbio, mimi nilitukana viti vya wakubwa, na tulifurahi sana katika ugomvi wetu. Hakuna kati yetu aliyeukasirikia ule mti. Mti ukiondoka pale, gari jeusi linabaki kuwa gari zito lisilo na redio, na Panzi anabaki kuwa gari dogo linaloumiza mgongo, na mtu achague anachokipenda. Lakini mti ukibaki, kila atakayepita kwa sababu yangu atapita akiwa wangu. Na siku Mkubwa akiniudhikia, watakwama wote pamoja nami, na hakutakuwa na kalamu ya kulisema hilo, maana itakuwa imeajiriwa.

Nikalirudisha gari jeusi. Niliweka funguo na kuponi mezani kwa Mkubwa, Makiso. Hakukasirika, na hilo liliniogopesha. Alicheka, akasema, "Ulitaka lenye vioo vya umeme? Ungesema tu, Citoyen." Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa upole, kwamba watu wote wanarudi.

Furaha nimempa karatasi za Panzi mbele ya wazee, kwa neno langu la noko, na shauri la kuuza limekwisha. Wiki hii amekwenda Yanonge peke yake, akarudi na samaki na taa moja imevunjika. Hakunieleza, sikumuuliza. Anaendesha kama wewe, kwa mkono mmoja, Mungu atusaidie.

Lakini sitaki ufikiri nimeshinda. Mtaani hawanisalimii kama zamani. Tonton Bosco ananirudishia salamu huku anatazama sindano yake. Na juzi mtoto wa Mama Lisungi alishikwa na homa. Nikawachukua kwa Panzi, mama na mtoto nyuma, kiti kimekunjwa. Kizuizini tulisimamishwa. Walitaka karatasi, wakataka kufungua kila mlango, wakataka samaki. Nilishuka, nikasimama mbele ya mti, nikabishana kwa Kifaransa, kwa Kilingala, kwa Kiswahili, mpaka foleni nyuma yangu ikaanza nayo kupiga kelele, na ndipo mti ukainuliwa. Mtoto amepona. Ila pale nilipokuwa nabishana, Yaya, alikuwa anatetemeka mapajani mwa mama yake, na mama yake alipotoka garini hospitalini hakuniambia asante. Hakuniambia kitu. Aliyaona magari yote mawili. Anajua tofauti yake kuliko mimi.

Sina dawa ya ukimya ule. Nimeubeba mpaka kwenye karatasi hii.

Ninaandika jambo jingine pia, na nitalitia sahihi kwa jina langu kamili. Halihusu magari tena. Linahusu mti ule, umelazwa wapi, nani anaulinda, nani anakula hapo, nani alikufa akiusubiri. Likisomwa, labda watu wa Mkubwa watanijia. Furaha ameambiwa aende ng'ambo ya mto siku hiyo na akae kwa wavuvi, rafiki zako, mpaka nimtumie neno.

Pumzika, Yaya Mwamini. Mola akupe nafasi huko, wewe uliyebanwa na mizigo maisha yako yote. Nami nakuahidi hili, dogo, lililo ndani ya uwezo wangu: kila mgonjwa wa mtaa wetu atakayeniita, nitakuwa pale mbele ya mti pamoja naye, kwa gari au kwa miguu. Na askari akiniuliza huyu ni wa nani, sitasema ni wangu. Nitasema ni mgonjwa, kisha nitasubiri aone aibu, na asipoiona nitasema tena.

Mdogo wako, yule wa maneno mengi.