Msimu wa Sukari, Msimu wa Sare

Jumatatu, 2 Novemba
Mashine zimeamka. Miezi yote ile tulishona mashuka ya hapa na pale, leo vitambaa vya sare vimejaa hadi mlangoni. Shule zikikaribia kufunguliwa hatupumui. Zikishafunguliwa tunapiga miayo. Mume wangu yuko mbali, kiwanda cha sukari. Kazi yangu ikilala, yake inapamba moto; yangu ikiamka, yake bado haijaisha. Nani alitupangia hivi?

Alhamisi, 5 Novemba
Mvua! Amepiga simu: malori ya miwa yamekwama kwenye tope, kiwanda kimezimwa. Anasema: nakuja, mama watoto. Nimefurahi mpaka nikashona mfuko wa shati mgongoni. Wenzangu hawana mbavu — eti Bwana Sukari kashanikoroga.

Jumapili, 8 Novemba
Alifika jana. Nilirudi nikamkuta amelala. Leo nimetoka bado amelala. Msimamizi anasema sare hazijui Jumapili. Shati lake limening'inia mlangoni, linanuka molasi. Namkumbuka mtu ambaye yuko kitandani kwangu.

Jumatano, 11 Novemba
Nainua macho — nani yule kwenye meza ya pasi? Yeye! Kaja kuomba kibarua. Kamwambia msimamizi kwamba aliyezoea tanuru haogopi pasi. Msimamizi kakubali, ila mapenzi yabaki nje ya geti.
Kelele za mashine, hatuwezi kuongea. Nashona kola, inapita kwa mtu wa vifungo, inafika kwake. Anainyoosha taratibu, kisha ananitazama. Tangu tuoane sijawahi kuwa naye mchana kutwa. Inyeshe tu hadi Januari. Mungu anisamehe, na wenye miwa pia.

Jumanne, 17 Novemba
Jua. Nimeliona ukutani, moyo ukashuka. Barabara zinakauka. Hatujaligusia.

Alhamisi, 19 Novemba
Naandika hapa kwenye mashine, mapumziko ya mchana. Asubuhi simu yake ilitetemeka juu ya rundo la sketi. Akaiangalia, akaendelea kupiga pasi. Ikatetemeka tena. Msimamizi akapaza sauti: fundi wa pasi, unaunguza! Kweli, pasi ilikuwa imetua kifuani mwa shati, haisogei.
Ni watu wa kiwanda cha sukari, akaniambia tulipokaa kula. Wanawasha mitambo kesho. Nikamwambia tutaonana msimu ukiisha. Sikutaka kusema hivyo. Nilitaka kusema usiende.
Sasa wamepiga tena, ametoka nje kupokea. Namwona dirishani, simu sikioni, lile shati lililoungua bado mkononi. Anatazama juu. Na mimi natazama. Hakuna hata wingu.