Naongea na Baba Mkwe Kupitia kwa Mtoto

Mpendwa Shangazi Melania, shikamoo. Sasa hivi tu Sanket wangu wa mwaka na nusu amenivuta sari ikanitoka kichwani mbele ya baba mkwe na wateja wawili, nikakimbilia nyuma ya pazia, na baba akageukia rafu akajifanya anapanga kanga lakini mabega yake yalikuwa yanacheka, ndiyo nikasema leo nikuandikie unisaidie.

Sisi ni Wahindu, tuna duka la kanga hapa Kambarage, na kwa mila yetu mke wa mtoto hujifunika mbele ya baba mkwe wala hasemi naye moja kwa moja. Zamani maneno yangu yalipitia kwa mama mkwe, mama akafariki, yakapitia kwa mume wangu, naye yuko Mwanza kufuata mzigo, basi nimebaki na Sanket, namtuma, "Mwambie babu chai tayari," naye anamwambia babu, "Maji," kila kitu kwake maji. Shangazi, mimi nataka kuuza dukani, maana juzi walikuja akina mama kutoka kijijini Mwakitolyo wanatafuta sare ya harusi, wanataka zambarau, baba macho yamechoka anawapa bluu, wakaanza kuondoka, nikasema huku nyuma ya pazia, "Sanket, mwambie babu zambarau ziko rafu ya chini," baba akainama akazitoa, wakanunua zote. Jirani yangu Esta ananicheka, anasema hata kwao Usukumani ukwe una heshima zake lakini hauna pazia. Mimi mila yangu naipenda na sitaki kumwaibisha baba, ila moyo unaniambia nikisimama pale duka litachangamka, sasa nikimwomba kwa mdomo wangu nitakuwa nimekosa adabu au, samahani Shangazi, wateja wamejaa na baba anaita, "Sanket, mwambie mama yako aje awaonyeshe hizi za," ngoja ni

*

Marahaba, Mama Sanket. Barua umeiacha njiani, jina hukuweka, na ukaituma hivyo hivyo. Pole kwa kufiwa na mama mkwe, yeye ndiye angekusemea.

Lakini wewe nawe. Mtoto anajua kusema maji tu, babu yake alizijuaje zambarau? Na leo anamtuma huyo huyo akuite mbele ya wateja. Unadhani alikuwa anaongea na Sanket? Mzee ameshakukaribisha kwa njia ileile unayoiheshimu, halafu unakuja kuniuliza mimi niliye mbali.

Mume akirudi, mwambie wewe kwanza, asije akasikia kwa Esta. Ila usimsubiri. Kesho asubuhi funika kichwa, mbebe mtoto, simama upande wa kanga, useme kwa sauti, "Sanket, mwulize babu kama mama akae hapa." Kisha nyamaza, umpe mzee nafasi ya kumjibu mjukuu wake. Akisema kaa, kaa.

Na hiyo sari ibane kwa pini, maana huyo mtoto naona bado ana kazi nayo.