Hukumu ya Kendi

Githongo,
Jumatano.

Kwa kaka yangu mpendwa Adrian,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Karimi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Rwamba na mtoto wenu, na kwamba jua la Siakago halijaunguza ndengu zenu zote. Sisi huku tuko salama. Mvua imenyesha, kahawa imetoa maua, ng'ombe amezaa ndama dume, na goti la Mama halimsumbui sana siku hizi. Mimi bado nafundisha darasa la tano, na bado watoto wananiandikia insha zenye akili kuliko mazungumzo ya wazazi wao.

Swali lako nimelipata. Mwaniki alinikuta sokoni Ijumaa alipoleta maembe, akanipa ujumbe wako. Unauliza kwa mara ya nne kama Mama bado amekaza moyo juu yako, au kama sasa unaweza kuja nyumbani. Nitakujibu humu humu. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami nataka kusema mpaka mwisho. Lakini nivumilie kwanza nikueleze wazimu uliotupata hapa Githongo, maana jibu lako limepitia huko.

Kulikuwa na tamthilia kwenye televisheni, inaitwa Mutuma Yuko Wapi. Kijana Mutuma anatoka kwao siku ya soko na harudi tena. Kwa majuma ishirini na sita watu wazima wa hapa, wenye mashamba na wajukuu, hawakuwa na kazi nyingine ila kumtafuta Mutuma. Bundi, mwenye duka la agroveti, alichora orodha ya washukiwa nyuma ya kalenda ya dawa za kupe, akaitundika dukani. Ukienda kununua chumvi ya ng'ombe, sharti kwanza useme unamshuku nani. Mimi nilimwambia namshuku yeye, akaliandika kabisa jina lake mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mtu huyo ndiye mweka saini wa kiwanda chetu cha kahawa.

Gladys fundi cherehani naye, yule kiongozi wa kwaya, alikuwa na yake. Alikuwa ameshasema mbele ya akina mama wote kwamba muuaji ni mchungaji, kwa sababu katika sehemu ya tatu alionekana akiosha jembe. Basi akaacha kumsalimia mchungaji wetu wa kweli, ambaye kosa lake ni kuwa na jembe. Nguo za watu zilikaa kwake miezi miwili hazijashonwa. Sketi yangu ya shule niliivaa na pini.

Jumapili ikawa sehemu ya mwisho, saa kumi na mbili jioni. Kwa kuwa televisheni yetu ndiyo kubwa mtaani, walijaa sebuleni mwa Mama hadi wengine wakakaa juu ya ndoo. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba wameketi katika nyumba yenye mwana ambaye hawajamwona kwa miaka sita. Walikunywa chai yetu, wakamwaga maganda ya njugu zao chini, wakamwambia Mama asogeze kiti chake kwa sababu anawaziba.

Sasa sikia mwisho wenyewe. Hakuna aliyeuawa. Mutuma yuko hai, anauza mbao Isiolo. Alikosana na baba yake akaona aibu kurudi. Na dada yake Kendi, aliyekuwa akilia kila sehemu na kubeba picha ya Mutuma kituo hadi kituo cha polisi, alikuwa anajua aliko tangu mwanzo. Mama yake anaambiwa, anamtazama Kendi, na picha inakatika hapo hapo.

Kaka, ungeona. Kwanza kulikuwa na wale waliokasirika kwa kukosa maiti. Bundi alisimama akasema wametuchezea, yaani mtu anakaa miezi sita anangoja maiti halafu anaonyeshwa mbao! Alisema kwa uchungu wa kweli, kama aliyepoteza mtu wake kwa vile huyo mtu amepatikana mzima. Kisha wakagawanyika kuhusu Kendi. Gladys akasema huyo msichana ni nyoka, na kama angekuwa wa Githongo angepitishwa mbele ya kanisa zima. Upande wa pili wakasema la, Kendi alikuwa akimlinda mama yake, kwamba si kila ukweli unafaa kwa mtu mwenye presha. Wakapigiana kelele mpaka ndama akaanza kulia huko nje. Kufikia Jumatatu kikundi cha WhatsApp cha kanisa kilikuwa kimevunjika vipande viwili. Kipande kimoja kinaitwa Haki kwa Mama Mutuma. Kingine sikitaji, kinatia haya.

Jioni ile ile ya Jumapili waliniuliza na mimi, kwa kuwa ni mwalimu. Nikawaambia mwandishi wa hadithi hiyo ni mvivu, kwamba hakuna dada anayeweza kunyamaza muda mrefu hivyo bila kujikwaa, na kwamba mtoto wangu wa darasa la tano akiniletea insha kama hiyo nitampa nne kwa kumi. Wakacheka. Nilijiona nimewaweza. Niliwadharau wote, kaka, wa huku na wa kule, na bado nawadharau, ila sasa sababu imebadilika.

Maana baada ya hapo mtu mmoja akakumbuka kumwuliza Mama. Gladys akamwuliza angemfanyia nini msichana kama huyo, akidhani atapata mwenzake wa kurusha mawe. Mama akasema asingempiga wala asingempeleka kanisani. Angemwuliza kitu kimoja tu. Akasema kila siku baada ya chakula wao wawili walikuwa wakisali, yeye anamwombea Mutuma huko aliko, na huyo msichana ameketi hapo karibu, macho amefumba. Basi angetaka kujua alikuwa akiitikia Amina kwa moyo gani.

Gladys akamwambia kwenye tamthilia hakuna mahali wanapoonyeshwa wakisali. Mama akasema lazima walisali, mama gani huyo asiyesali. Kisha akaomba mtu amsaidie kukusanya vikombe. Nikavikusanya mimi, kabla mtu mwingine hajainuka.

Adrian, sasa nakujibu. Mama hajawahi kukaza moyo juu yako. Hajawahi kupata nafasi ya kuukaza, kwa sababu barua uliyonipa miaka miwili iliyopita nimpelekee, ile ya kurasa tatu, sikumpa. Yale maneno niliyokuletea, kwamba ameisoma akanyamaza, halafu kwamba bado hajawa tayari, halafu kwamba ukija utamwua kama ulivyomwua Baba, niliyatunga mimi. Hayo ya mwisho niliyatunga nikiwa nimekaa jikoni, nakunywa uji. Mama alikuwa hajui hata kama u hai.

Sitakwambia nilikuwa namlinda. Hiyo naiachia ile nusu nyingine ya WhatsApp. Nilikuwa na hasira. Uling'oa mistari miwili ya kahawa ya Baba ukapanda avokado, akakuambia asikuone tena, ukaondoka, na alipokufa miezi mitatu baadaye ni mimi niliyemwosha, mimi niliyesimama kaburini na maswali ya watu, mimi niliyebaki nikimkanda Mama goti. Halafu ukoo wakaja kupima shamba, na kwa kuwa mwana wa kiume hayupo, wakasema upande wa mtoni niulime mimi kwa sasa. Kwa sasa! Mimi msichana, nikapewa kahawa mia na themanini. Nilizikata matawi, nikazipa mbolea, zikazaa kuliko zilivyowahi kuzaa mikononi mwa Baba au mwako. Ile televisheni kubwa imetoka huko. Kisha tukakutana Siakago nilipokuja kwa semina ya walimu, ukanipa barua, na njiani nikirudi nikafikiri jambo moja tu, kwamba ukija, wataniambia nikupishe. Nilijiambia nitampa Mama baada ya mavuno. Mavuno, mawili kwa mwaka, yakapita mara nne. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba.

Jumatatu nilipotoka shule nilimkuta akimenya ndizi. Nikamwekea barua yako mapajani. Nikamwambia ni ya lini na ilikuwa wapi, nikamwambia na yale niliyokuambia kwa jina lake. Alinawa mikono. Akatafuta miwani. Akaisoma polepole, akairudia. Nilitaka anipige, nakwambia kweli, nilikuwa nimesogea karibu ili asipate shida ya kuinuka.

Aliuliza kama ni kweli kuna mtoto amepewa jina lake. Nikasema ndiyo, Gladwell, kama ulivyoandika. Akauliza ana miaka mingapi sasa. Nikasema miwili na kidogo. Akauliza ameota meno mangapi, kama anatembea vizuri, kama ni mweusi wa upande wetu, nani aliyembeba mara ya kwanza na kumwita kwa jina kama bibi yake hakuwepo. Sikujua hata moja. Unajua hapa kwetu bibi ndiye humpokea mwenye jina lake, naye amekaa miaka miwili akisifu watoto wa watu wengine kanisani, akiwatilia peremende mkononi, huku wake yuko safari ya nusu siku tu kutoka hapa. Hapo ndipo alipolia. Kwa ajili yako hakulia, kaka, usikasirike, nadhani wewe alikulilia zamani akamaliza.

Usiku huo aliomba kama kawaida. Alikuombea wewe, akamwombea Rwamba kwa jina, akamwombea Gladwell. Mimi sikuweza kuitikia, naye hakunisubiri. Aliitikia mwenyewe.

Kuhusu shamba la mtoni, nimeshamwambia mzee wa ukoo kwamba mwenyewe yupo. Mtayajadili ninyi. Sikuombi unisamehe katika barua hii, kwa sababu nimeona barua zinaweza kufanywa nini. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane nikiwa nimesimama mbele yako. Mistari nimeipogoa, magunia yako ghalani, ngazi ya kuchumia imevunjika kipandio cha pili, angalia usianguke.

Msalimie Rwamba, na umwombe radhi kwa niaba yangu, maana najua ni yeye aliyekuwa akikutuliza kila nilipoleta uongo. Mbusu mtoto. Mwaniki anaondoka kesho asubuhi na atakukabidhi hii mkononi.

Nilimwuliza Mama niandike salamu gani kutoka kwake. Amekataa. Amesema mimi sibebi tena neno lake kwenda kwako, wala lako kuja kwake. Amemwuliza Mwaniki ashukie wapi, akaenda kununua nguo ya mtoto bila kujua kipimo, akachukua tatu. Jumamosi usiende shambani. Salamu zake anazileta mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Karimi.