Royce Alivyouficha Waya

Renee shoga, acha unachofanya usome hii. Mume wangu leo kidogo atuunguzie nyumba. Kisa? Aibu!

Unamjua baba yake, Mzee Delbert. Kwake yeye nyama isiyochomwa kwa magogo ya mti wa mwaloni si nyama. Na Royce alishamdanganya kuwa kidari cha ng'ombe cha leo amekichoma hivyo hivyo, amekesha akichochea kuni. Royce huyu huyu, mwenye mashine ya umeme ya kuchomea nyama, inayojilisha punje za mbao yenyewe!

Sasa mzee si akatokea mapema. Royce akachomoa waya, akauficha chini ya kiti. AKACHOMOA WAYA! Mashine ile unaizima kwa swichi, feni inabaki ikimalizia moto. Ukichomoa tu, moto unarudi nyuma kwenye skrubu inayosukuma punje, mpaka kwenye kasha la punje.

Ukarudi kweli. Kasha likaanza kufuka.

Nikamwambia, "Royce, chomeka waya, skrubu isukume moto mbele!" Yeye kakalia kiti, meno yote nje: "Mpenzi, huo moshi wa kawaida tu." Wa kawaida! Na rangi ya kasha inababuka!

Nikamsukuma yeye na kiti chake, nikachomeka, nikawasha. Skrubu ikazunguka, ikatemea makaa yote kwenye chungu cha moto. Tukapona.

Mzee akaufuata waya kwa macho, taratibu, hadi ukutani. Akamgeukia Royce:

"Hongera mwanangu. Leo angalau umewasha moto mwenyewe."